Mume Aliyefufuka Ukurasa wa Thelathini

Najua mtacheka, na mcheke tu, maana aibu hii nimechoka kuibeba peke yangu: mwaka 2015 nilisimama mbele ya wazazi wa Kikongomani kule South End, Louisville, Marekani, nikamfufua marehemu.

Nieleze taratibu. Nilikuwa nasoma chuo Columbus, na kila baada ya wiki mbili naendesha gari hadi Louisville kuwasomesha watoto wao Kiswahili katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Furaha (mama wa Bukavu anayeuza dagaa, unga wa muhogo na maoni yake). Watoto walipenda vitabu vya katuni, wazazi wakanuna: yaani mtoto anapelekwa darasani kutazama picha? Wakaitisha kikao. Ama niwaridhishe, ama darasa lifungwe.

Basi nikachagua silaha nzito, riwaya ya kale ya Ulaya kuhusu mjane mwenye kinu cha maji cha kusagia ngano, iliyogeuzwa katuni, jalada gumu, rafiki yangu wa Buffalo ndiye aliyenitumia. Ilikuwa kwa Kifaransa. Sijui Kifaransa. Riwaya yenyewe nilikuwa nayo kwa Kiingereza, kurasa mia sita, nikautazama unene wake kwa heshima zote nikairudisha rafuni. Picha si zinajieleza?

Siku ya kikao nikamulika kurasa ukutani kwa projekta, nikaanza kufafanua (mimi hata chai ikiletwa hueleza sukari inavyoyeyuka). Ukurasa wa kumi na mbili tukamzika mume, mvua, miavuli, wamama wakasikitika. Ukurasa wa thelathini, wote rangi ya udongo, huyo hapo anakunywa supu.

"Hapa, wazazi wangu," nikasema, "mume anarudi nyumbani."

Mama Furaha akainua mkono. "Bon, mwalimu. Huyu bwana si tulishamuzika?"

Mwenye akili angesema sijui. Mimi, msomi, nikasema ni mzimu.

"Muzimu anakunywa supu?"

"Yaani, ni pacha wake."

"Pacha mwenye kovu ileile kwa shavu?"

Baba mmoja aliyekuja na fulana yake ya kazi ya ghalani akasimama: "Amefufuka! Bwana asifiwe!" Chumba kizima: "Amina!" Walicheka hadi viti vikalia. Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua pana jasho.

"Mwalimu," Mama Furaha akasema kwa upole ulioniumiza zaidi, "rangi ya udongo ni ukumbusho. Mujane anakumbuka. Sisi tulisomaka bédé, hizi katuni, tangu utoto, na hii kitabu tuliisoma kwa masomo Bukavu. Donc wewe hukuisoma."

Akakinyakua kitabu mkononi mwangu. Akaanza kusoma, Kifaransa kidogo, Kiswahili kingi, sauti ya mjane, sauti ya mkwe mkorofi, mpaka ukurasa wenye gurudumu la kinu lililosimama, bila neno hata moja. Hapo naye akasimama.

"Kwa riwaya yenyewe, huzuni yake ni kurasa tatu," akasema. "Mchoraji ametoa maneno yote. Ameacha gurudumu tu. Angalieni."

Wakaangalia. Hakuna aliyecheka. Kisha Furaha, binti yake, ambaye siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza, akauliza kwa Kiswahili, "Mama, kisha?"

Darasa halikufungwa. Lilipata mwalimu mpya, anayeuza dagaa. Mimi nilipandishwa cheo nikawa mpanga viti, na riwaya ile nimeimaliza, kurasa zote mia sita, nikiwa nimeshachelewa vizuri. Nanyi msiogope kuanza na picha, ni mlango mzuri kabisa; ila mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui, ni neno fupi na halina mzimu.

Nimeapa sitafafanua tena kitabu nisichokisoma. Kiapo hakijasaidia sana. Yule baba wa ghalani kila akiniona dukani huita toka mlangoni, "Mwalimu! Marehemu hajambo?"

Nami hujibu, "Hajambo, baba. Anamalizia supu."