Mahindi ya Shangazi Chini ya Theluji

Shangazi alitaka tuvune Jumamosi. Mimi nikasema tungoje.

Tulikuwa tunaishi Buffalo, mtaa wa West Side, na kishamba chetu kilikuwa nje ya mji, nusu saa kwa gari. Gari lilikuwa langu. Mbegu ilikuwa yake: konzi moja ya mahindi meupe aliyopewa na mkwe wake wa Columbus, akaizalisha misimu mitatu mpaka ikajaza mistari minane. Dukani hakuwahi kuiona.

"Mahindi hukaukia shambani, Shangazi," nilimwambia. "Kule kambi ya wakimbizi tulingoja mpaka maganda yalie kama karatasi."

"Kule baada ya mvua lilikuja jua. Hapa linakuja nini?"

Ni kweli yalikuwa bado na maji. Ni kweli pia kwamba kazini, kwenye ghala la vifurushi, walikuwa wametangaza ovataimu, nami sikutaka kuikosa. Lipi hasa lilinisemesha, mpaka leo sijui.

Theluji ilikuja mapema, ikafunga barabara siku nne. Kaka yangu akapiga simu kutoka Louisville. "Sisi tumeshapukuchua. Ninyi mnavuna kwa koleo la theluji?" Iliniuma, ila kusema haki, hakujua kwamba mimi ndiye niliyesema tungoje.

Tulipofika, mabua yote yalikuwa yamelala. Tukafukua. Ndani ya maganda punje zilikuwa safi, nami nikawahi kusema, "Si unaona, yamepona."  Shangazi alichagua mahindi ya mbegu, akayafunga kwa maganda yake, akayatundika beisimenti, chumba cha chini ya nyumba, karibu na hita, maana huku hakuna jiko la moshi.

Mwezi wa Machi alifunga punje kumi katika kitambaa chenye maji, ajue kama zitaota. Baada ya wiki akakifungua mezani. Hakuna iliyochipua. Akajaribu kumi nyingine, vilevile. Baridi ilikuwa imeua kiini.

"Kosa ni langu," nilisema.

"La theluji pia. Usibebe lote, ukivunjika mgongo nani atanipeleka kanisani?"

Jioni hiyo alipukuchua yote akayapika na maharage. Kwetu nyumba ikila mbegu yake, majirani husema imekwisha. Alionja, akanisogezea chumvi.

Nilikula sahani mbili. Yalikuwa matamu, na hilo nalo sina budi kuliandika.