Vitambaa vya Januari

Kitengela ya Januari haina haya. Vumbi huingia bila hodi na kukalia kiti kabla ya mgeni. Ndiyo maana Mugure, mjane mwenye nyumba ya mawe nyuma ya soko, alikuwa na vitambaa vya viti vya kila msimu: vyekundu vya Krismasi, vya kijani vya masika, na vya Januari, alivyovifuma kwa uzi wa rangi ya udongo ili vumbi likitua lisionekane. Majirani walimcheka. Aliwaacha wacheke, huku wao wakifua kila siku.

Mwaka huu, sikukuu zilipokwisha, alikwenda Kiserian kumjulia hali dada yake, akamwachia nyumba mkaza mwanawe, Kui. Kui akateremsha mapambo ya Krismasi, akavua vile vyekundu, kisha akapiga simu.

"Mami, kuna vitambaa ziko kwa gunia chini ya kitanda. Nifanye nazo nini?"

Chini ya kitanda hicho kulikuwa pia na gunia la matambara, na akili ya Mugure ikaenda huko moja kwa moja.

"Hizo piga nazo deki."

Aliporudi, alidhani amekosea mlango. Mito ya kijivu, kapeti ya kijivu, na juu ya meza jagi lenye vijiti vikavu. Vijiti! Uwanda mzima wa Kajiado umejaa vijiti, na mtu ananunua vingine aviweke ndani! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji akaugua. Kisha akaviona vitambaa vyake. Kimoja kilikuwa mlangoni, kikipangusiwa viatu. Vingine vilikuwa vimelala kwenye ndoo ya maji meusi.

"Kui! Nani amekuambia upige deki na vitambaa vya viti vyangu?"

"Si ni wewe, Mami? Nilikupigia nikakuuliza."

"Mdomo ulikuwa wangu. Macho yalikuwa ya nani?"

"Ziko brown, nikadhani zimezeeka. Hata sikujua ni wewe ulishona."

Hilo ndilo lililomchoma Mugure kuliko ndoo. Tangu aolewe, Kui alikuwa amekalia vitambaa hivyo kila Januari, akila, akicheka, akinywa chai, na hakuwahi kuviona wala kuuliza ni kazi ya mikono ya nani.

Mugure aliikusanya mito yote akaitupa chumbani. Akavifua vitambaa, akavikamua kwa nguvu za mtu anayenyonga shingo, akavitandaza vikiwa vibichi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwenye kiti chake. Maji yakaanza kudondoka kwenye kapeti ya kijivu.

"Lakini Mami," Kui alisema kwa sauti ndogo, "hivyo vitaota ukungu."

"Wacha viote," Mugure alisema, akaketi juu ya kimoja, maji yakimpenya hadi ngozini. "Vitaota kwangu."