Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Nilijifunza kusoma nikiwa na watoto wanne, na jambo la kwanza ambalo mwalimu wa ngumbaro alinifundisha ni kuandika tarehe. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba baiskeli yangu ya mikono ilifika nyumbani, karibu na Ekerenyo, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Machi, mwaka mmoja baada ya mguu wangu wa kulia kukatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Ina magurudumu matatu, na pedali zake ziko mbele ya kifua. Mikono ndiyo inayozizungusha. Kuendesha huko daktari alikuita mazoezi. Mume wangu alikuita matembezi, akanifuata nyuma akicheka: "Unazungusha kama unachuna chai!" Hakukosea. Mikono hiyo nilipewa na chai.

Kilichonishinda ni kilima cha kwenda kituo cha kununulia majani chai. Pale alinisukuma yeye. Alipofariki, Jumamosi ya mwisho ya Mei iliyofuata, niliazimia kukipanda kwa nguvu zangu, hata kama ni mara moja tu. Sikuruhusiwa. Kila nilipofika katikati, akina mama wa kanisani walitua vikapu vyao, wakaniita kama aitwavyo mama mzee kwetu.

"Omong'ina, unakimbilia wapi? Tulia, tukusukume!"

"Niacheni, nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Au unataka kuolewa tena?"

Walinisukuma mpaka juu huku wakicheka, nami niliwashukuru nikiwa nimekaza meno.

Alhamisi ya pili ya Agosti, saa nane mchana, barabara ilikuwa tupu. Katikati ya kilima mikono ililegea. Nilishika breki, lakini ilikuwa imelika, na baiskeli ikaanza kurudi nyuma. Ghafla ikasimama. Jiwe lilikuwa limewekwa nyuma ya gurudumu, na mume wa binti yangu wa mwisho alikuwa amekwisha kurudi hatua kumi, akiitazama michai.

Kwetu Wagusii, mkwe hamgusi mama mkwe wake. Haya hiyo ya heshima twaiita chinsoni. Kiti cha baiskeli yangu kilikuwa sawa na mwili wangu. Asingekisukuma hata ningemsihi. Yeye aliona aibu. Mimi nilifurahi kimyakimya.

"Mama," aliiambia michai, "pumzika. Jiwe linashika."

Nikapumzika, nikazungusha tena. Kila niliposimama alikuja mbio, akaweka jiwe, akatoroka. Nilisimama mara saba. Mabega yaliniwaka, jasho likaniingia machoni, na mara ya nane sikuhitaji kusimama, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa limegusa saruji ya kituo.

Nilicheka peke yangu kama msichana. Mkwe wangu alibaki kando ya barabara, jiwe mkononi, uso bado kwenye michai.

"Mama, Alhamisi ijayo nilete kubwa zaidi?"

"Lete dogo," nilimjibu.