Misalaba kwenye Madirisha ya Madrasa

Jumamosi, mwezi wa kumi. Hapa Gitega asubuhi mvua ilinyesha, Muyinga tukakuta jua.

Naandika haya nikiona aibu, na sijui kama nitayapanga vizuri, shule yangu iliishia njiani. Fundi Yusufu ndiye aliyenipeleka kwa watu wake wa Muyinga, akawaambia mimi binti wa Butihinda, hapo jirani, najua kuchora nyumba kwenye mashine ya kompyuta, na wao walikuwa bado hawajaamua kumpa fundi kazi ya kujenga madrasa. Mmoja wao, Mama Zaituni, alitaka kitu kimoja tu: madirisha yawe na maua kama yale yaliyochongwa na marehemu mume wake kwenye mlango wao. Aliyanakili kwa mkaa kwenye karatasi, akanipa.

Sikuifungua (maua yana mikunjo mingi, na mi huwa naogopa mikunjo). Nikachukua dirisha nililolichora zamani kwa ajili ya kanisa dogo, na msalaba wa katikati badala ya kuufuta nikauficha tu, maana kwenye ile programu ukificha kitu hakionekani lakini bado kipo, nikalipanga mara kumi na sita, nikasema nimefuata mlango wa mzee.

Leo tukaunganisha mashine na televisheni ya sebuleni kwa Mama Zaituni, watu wamejaa hadi barazani. Paa halikuonekana, nililificha wakati wa kazi. Kwa haraka nikabonyeza "onyesha vyote". Paa likaja, na misalaba kumi na sita ikaja nalo, na vivuli vyake sakafuni.

"Binti, hii ni madrasa ao tunajengewa parokia?" mzee mmoja akauliza, watu wakacheka. Fundi Yusufu hakucheka.

Mama Zaituni naye hakucheka. "Mi msalaba haunikasirishi, mwanangu, majirani zangu wanaubeba na mi nawapa maji. Karatasi yangu iko wapi?"

"Iko Gitega, mama. Sijaifungua."

"Na ulisema umefuata mlango."

"Nilidanganya. Fundi hakujua." (Ni kweli, hakujua, na lazima niliandike hili.)

Akanishika mkono hadi mlangoni, akaweka kidole changu kwenye ua la chini, karibu na bawaba. Mengine yote yana majani sita, lile lina matano.

"Hapa homa ilimshika mume wangu. Hakuamka tena kulimaliza. Mashine yako ingeliweka sita, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Wazee wakashauriana. Kazi wakampa Fundi Yusufu, madirisha wakampa seremala wa mtaani, ayapime mlangoni kwa mkono. Mimi wakanipa chai, wakanishukuru kwa safari, na hiyo shukrani ndiyo iliyoniumiza. Tulipofika Gitega fundi akasema, "Pole, dada. Lakini usinitume tena kusema uongo nisioujua."

Sitatumia tena dirisha la mtu mmoja kwa mtu mwingine. Nasema hivyo leo, lakini najijua, kwa hiyo nimelifuta kabisa lile la kanisa.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mboga ya lengalenga, mama yangu akaniongezea bila kuuliza kitu.