Pole Niliyompa Mtani Wangu

Shule niliishia darasa la pili, na sioni aibu kuliandika hilo. Nyumba yangu ya Temeke nimeijenga kwa kuchekesha watu. Ila sikuchekesha peke yangu, na hilo nalo niliandike.

Mwenzangu tulikutana soko la Tandale, wote makuli, tunashusha viazi. Mie Mzaramo, mfupi. Yeye Mnyamwezi, jitu zima. Makabila yetu ni watani, basi kutwa tunatukanana gunia likiwa mgongoni, na wateja wanasahau walichofuata sokoni. Mwenye harusi mmoja akatuita tukachangamshe wageni. Toka hapo zikaja kumbi, zikaja kanda za video, na siku hizi watu wanatutazama kwenye simu.

Kichekesho kilichotupa jina ni cha fundi cherehani. Yeye fundi, mie mteja. Ananipima kwa tepu, anaitazama, anaikunja mara mbili, halafu anawageukia watu: "Suruali ya huyu inatoka kwenye leso!" Maneno yote yalikuwaga yake. Kazi yangu mie kuonewa.

Mwaka huu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukagoma. Mkewe akanipigia: "Shemeji, njoo. Hataki kula. Anatazama ukuta tu."

Nikaenda. Nikakaa kitandani kwake, nikamshika mkono, nikasema, "Pole sana, ndugu yangu."

Miaka yote hiyo sijawahi kumwita ndugu yangu. Alipofiwa na mama yake, nilijilaza mbele ya jeneza nikakataa lisipite, mpaka akacheka huku analia. Ndiyo kazi ya mtani. Leo nampa pole kama jirani wa mtaa wa pili! Alinitazama, chozi likamtoka, akageukia ukutani. Kwa pole ile nilikuwa nimemwambia kwamba basi, amekwisha.

Mjinga mie. Nililia njia nzima.

Asubuhi yake nikarudi na tepu. Hodi sikupiga.

"Mnyamwezi! Nyoosha miguu nikupime. Wachimbaji wanauliza, kaburi la mtu au la trela?"

"Shemeji, jamani!" mkewe akashika mdomo.

"Niache, shemeji, napima mzigo. Na huu uji asioutaka nakunywa mie, sisi Wazaramo hatumwagi chakula."

Nikaugugumia wote, kikombe kikabaki mkononi. Nikaanza kupima toka utosini. Tepu ikaishia magotini. "Loo! Tepu imeisha, mtu bado yupo!"

Macho yake bado ukutani. Jasho linanitoka. Sijawahi kubeba maneno peke yangu, na sasa nikajua uzito aliokuwa anabeba yeye.

Mara mkono wake wa kushoto ukaivuta tepu. Nikadhani anaitupa. Akaniwekea begani, ikaning'inia. Akaitazama. Akaivuta tena, akajaribu kuikunja, ikamponyoka. Shemeji akanyoosha mkono kumsaidia, nikamzuia. Akaibana kwa meno, akaikunja. Akaikunja tena. Kisha akaiinua juu kumwonyesha mkewe, na mdomo ukapanda upande mmoja.

Nikatulia tuli kama mteja, nionewe.

Akaiachia tepu, akanyoosha kidole kwenye kikombe nilichoshika. Kilikuwa kitupu. Shemeji akakimbilia jikoni kukoroga uji mwingine, na sauti yake ikanifikia toka huko huko: "Mzaramo mroho wewe!"