Tulibadilishana nguo marafiki wa Bondeni, nikampoteza Zuhura

Wakuu, salaam kwenu nyote, pamoja na nyinyi mnaosoma hapa huku mkijifanya mnafanya kazi.

Nimechoka, kwa hivyo sitapamba wala kutia chumvi. Haya yamenipata mwenyewe, mwaka huu, hapa hapa Mombasa kisiwani. Majina tu nimebadilisha, maana mji wetu ni mdogo.

Atakayetaka kunisema aniseme, lakini asome mpaka chini.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Naishi Bondeni na mamangu. Sina mume, sina gari, nina kadi za harusi.

Huku kwetu Ramadhani ikiisha, mwezi wa mfungo mosi unaingia na harusi zake. Mwaka huu nilipata kadi sita kwa mwezi mmoja. Na mnawajua wanawake wa hapa. Gauni likishaonekana harusi moja limekwisha. Ukilivaa mara ya pili hakuna atakayekwambia kitu, watakuangalia tu toka kichwani hadi miguuni, halafu wataendelea na biriani yao.

Kwa hivyo kabati limejaa na cha kuvaa sina.

Kazini nina mwenzangu, tumwite Mwende, mtu wa Machakos. Yeye ndiye aliyenipa wazo la swap. Alipokuwa Nairobi walikuwa wakifanya mara kwa mara: kila mtu analeta nguo asizovaa, zinatandazwa, kila mtu anachagua za mwenzake. Hakuna kununua, hakuna kuuza.

Akaniongezea jambo moja. "Lakini tafuta watu ambao hawajuani sana. Sisi tulikuwa tunakutana siku hiyo tu, halafu kila mtu anaenda zake."

Nikaona huyu mtu wa bara hajui mambo yetu. Nguo ya mtu nisiyemjua niivae vipi? Sijui kaifua kwa nini, sijui ilikuwa wapi. Nikaalika marafiki zangu tu, tuliosoma chuoni pamoja tangu tukiwa wadogo. Yaani chuo cha Kurani, wale wa mbali msije mkadhani nina digrii.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na mimi nilijiona mjanja.

Tulikuwa tisa. Nitawatajia wawili tu.

Rukia anakaa Kizingo. Mumewe ana malori. Ni mtu mzuri, hana kiburi, ila hajawahi kukosa kitu kwa hivyo hajui kukosa kunafananaje.

Zuhura anakaa Ndia Kuu, ghorofani, juu ya duka la vinyago. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akituonyesha sisi sote namna ya kuvaa. Aliachwa miaka miwili iliyopita, na watoto wawili. Sasa anapika sambusa na kuzisambaza madukani. Hajawahi kuniomba hata chumvi.

Sharti nililiweka mimi: kila mtu alete nguo tano safi, zilizopigwa pasi, na aondoke na tano.

Siku ikafika, Jumapili alasiri, sebuleni kwa mamangu. Mama akafukiza udi, tukatandaza nguo kwenye makochi, kitandani, mpaka juu ya cherehani.

Wakuu, watu walileta takataka. Nasema kweli. Mmoja kaleta gauni lenye zipu iliyokufa. Mwingine kaleta madera yaliyopauka, ya kudekia. Mimi mwenyewe nilileta sketi mbili ambazo hazinipiti nyongani.

Rukia alileta mfuko mzima, magauni mazuri, lakini kwake yale ni ya kupunguza kabati.

Zuhura alileta tano zake bora. Kila moja kaikunja na karatasi katikati. Moja ilikuwa buibui jeusi lililotariziwa kwa uzi wa fedha mikononi, la wakati wa ndoa yake. Nililiona, na moyoni nikasema huyu mtu mkarimu.

Hakuwa anafanya ukarimu. Alileta bora zake ili asitokee mtu wa kusema amekuja kuokota. Hilo nimelielewa juzi juzi tu.

Buibui nikalichukua mimi.

Zuhura akachukua gauni la kijani la Rukia, lenye shanga kifuani. Alilishika muda mrefu kabla ya kulichagua. Akaniambia, "Hili n'talivaa kwa kina Amina." Ilikuwa harusi ya wiki inayofuata. Sikumbuki mara ya mwisho kumuona na furaha vile.

Sasa fikirini. Gauni hilo Rukia alilivaa kwenye harusi ya nduguye mwenyewe. Dada wa bwana harusi, katikati ya ukumbi. Mji mzima wa wanawake ulilipitishia macho. Na sisi tisa, harusi tunazokwenda ni zile zile.

Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria hilo. Tulikuwa tunacheka na kunywa sharubati.

Siku ya kupamba huko kwa kina Amina, yaani siku ya wanawake kumtazama bibi harusi, tulikaa meza moja: mimi, Zuhura, na kina mama watano hivi. Simu tumeziacha mlangoni kama kawaida, watu wasipigwe picha. Mabuibui tumevua. Lile la Zuhura nilikuwa nimelikunja mapajani.

Mama mmoja akalishika uzi wake. "Buibui zuri hili. Lapatikana wapi?"

Na mimi, wakuu, nikajibu, "Nimeletewa kutoka Maskati."

Sijui kwa nini. Lilitoka tu. Zuhura alikuwa kando yangu, akaniangalia, akatabasamu kidogo, akaendelea kumenya chungwa.

Dakika tano baadaye akaja mamake Rukia kusalimia meza. Mama mwenye huruma, sadaka zake hazihesabiki. Akamshika Zuhura bega.

"Mashallah, Zuhura. Hilo si gauni la Rukia? Lakukaa kuliko lilivyomkaa mwenyewe."

Zuhura akasema ahsante.

"Afadhali umelipata wewe, mwanangu, kuliko kuliwa na nondo kabatini. Na lile la zambarau n'tamwambia akupe, halivai tena. Usione haya, sisi ni watu wamoja."

Alisema kwa sauti ya mapenzi, na sauti yake ni kubwa. Meza ya nyuma wakageuka. Mmoja akamwangalia Zuhura kwa macho yale ya kumwangalia yatima siku ya Idd.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Kwamba tulibadilishana. Kwamba Zuhura katoa kama alivyopokea. Kwamba hili lililo mapajani mwangu ni lake.

Sikusema. Nilikuwa nimeshatamka Maskati. Nikaogopa kuchekwa na mama mwenye meno matatu nisiyemjua hata jina, nikamwacha rafiki yangu wa miaka thelathini akageuzwa maskini mbele ya watu.

Zuhura alikaa kiasi cha kumaliza soda yake. Akasema ana sambusa za kupeleka. Akavaa buibui lake la kila siku, akaaga mmoja mmoja, hata mimi.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nikakuta gauni la kijani kwa mamangu, limefuliwa na kupigwa pasi. Alilileta mwenyewe saa ambazo anajua sipo.

Nikaenda Ndia Kuu. Akanikaribisha, akanipa chai na sambusa. Wakuu, heri angenitukana. Nikaanza kumlaumu mamake Rukia, kwamba mtu mzima hovyo, hana staha.

Akaniacha nimalize.

"Mamake Rukia hakujuwa," akasema. "Wewe ulijuwa."

Kisha akaniuliza kama mamangu presha imeshuka.

Nikaona nirekebishe. Jumamosi nikavaa buibui lile lile nikaenda Kizingo, nikamkuta mamake Rukia kwa binti yake. Nikamweleza yote: kwamba haikuwa sadaka, kwamba hata buibui hili ni la Zuhura, na kwamba nilidanganya mezani.

Akanisikiliza kwa utulivu. Mwisho akanitazama, akalitazama buibui, uso ukajaa huruma.

"Kumbe hata wewe, mwanangu? Mbona hukunambia? Ngoja, mimi n'na mabuibui tele huko ndani."

Nilisema hapana ahsante mara tatu, akazidi kunihurumia. Nilitoka pale na mfuko mkononi, kwa sababu kukataa kulionekana ni adabu tu. Na hapo nilikuwa mimi na yeye na Rukia peke yetu. Zuhura alikuwa mbele ya ukumbi mzima.

Rukia ndiye aliyempelekea habari. Zuhura akaniandikia maneno mawili: "Nimesikia. Ahsante."

Tangu hapo tukikutana njiani tunasalimiana vizuri kabisa, salamu kamili, za mama, za watoto, za kazi. Kabla yake tulikuwa hatusalimiani. Nilikuwa naingia kwake moja kwa moja mpaka jikoni nafunua sufuria. Hicho ndicho nilichokipoteza, na hakuna aliyeninyang'anya.

Funzo langu ni hili, kama linamfaa mtu. Ukitaka kubadilishana nguo, fanyeni na watu msiohudhuria harusi moja. Mwende alinambia. Na kama ni lazima iwe marafiki, kabla ya kuchukua nguo ya mwenzako jiulize kama utaweza kusema mbele ya watu kuwa ni yake. Kama huwezi, iache.

Sasa nina swali, na naomba wanawake wa Pwani hasa mnijibu.

Hili buibui nimrudishie? Nikimrudishia, naona kama namwambia kitu chako sitaki, kama yeye alivyorudisha lile gauni. Nikikaa nalo, kila nikilivaa watu wataniuliza la wapi, na safari hii nitajibu kweli, na jina lake litazidi kuzungushwa midomoni.

Mimi mwenyewe nimewaza wiki tatu nimeshindwa. Nasubiri maoni yenu, hata makali nitayasoma.