Siku Tantine aliponiimbia kasala ya mtu wa kwanza, na mimi nilikuwa wa tisa

Wakuu, heshima zenu popote mlipo. Vuteni kiti.

Habari ninayowaletea ilinipata mimi mwenyewe. Sijatunga kitu, tena inaniaibisha, na sijui mtu anayekaa chini kujitungia aibu yake.

Mimi ni mzee wa Lubumbashi. Kitukuu wangu amenipa tablette yake ya zamani, sasa nasoma nyuzi zenu asubuhi mpaka jioni. Nitaandika ile Swahili ya vitabu tuliyofundishwa na mapadri. Lakini watu wa kwetu wakisema, nitawaacha waseme kama walivyosema. Watu wa Dar na Mombasa, mtanivumilia.

Kitu kimoja mkijue mapema: mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wametembea mpaka Ulaya. Mimi nimefika Kasumbalesa, hapo mpakani, mara moja tu, nikaona ile foleni ya malori, nikarudi kabla ya chakula cha mchana. Pantoufle zangu, hizi ndala za ndani, zinanijua kuliko daktari wangu.

Haya, tuingie.

Ni miaka ya hamsini. Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville. Tunakaa upande wa Kamalondo, nyumba ya matofali, vyumba viwili. Baba ni mtu wa treni: siku mbili yuko, siku tano hayuko. Mama alikufa nikiwa sijaanza kutembea. Aliyenilea ni dada wa baba, Tantine Kabwe.

Tantine aliniita "Baba", kwa sababu mimi nilipewa jina la baba yake, Ilunga. Kwa hiyo nilikuwa napigwa na huku naitwa Baba. Heshima ya ajabu kidogo.

Wakuu, nikifumba macho naona asubuhi za kipwa, ule ukavu wenye baridi wa mwezi wa sita. Baridi ya kwetu inauma. Moshi wa kiwanda cha shaba unatoka kwenye lile dohani refu, unalala juu ya mabati kama blanketi ambalo mtu amesahau kulikunja. Nje kwenye baraza, mbabula, jiko letu la makaa, inawaka nyekundu. Tantine anafukua viazi vitamu kwenye majivu, anapuliza, ananipa kimoja bila kusema neno. Mimi nimejikunja pale, magoti kifuani, nasikia treni inapiga honi mbali na ninafurahi kwamba simo ndani yake.

Kwangu ile ndiyo ilikuwa mbingu. Sikuhitaji nyingine.

Sasa shule.

Nilisoma kwa mapadri, madarasa ya kwanza ya sekondari. Nilikuwa na akili, au niliamini hivyo. Rafiki yangu alikuwa Kalala, mtoto wa karani mmoja kutoka Kasai. Kalala alikuwa moto. Mkono juu kabla mwalimu hajamaliza swali. Alikuwa akipita kwetu asubuhi, ananikuta pale pale.

"We Ilunga, siku utakufa tutakuzika chini ya mbabula. Maiti itasema merci."

Mwaka ule Père Directeur, padri mkuu wa shule, akatangaza jambo. Atakayekuwa wa kwanza atapelekwa internat ya kaskazini, siku mbili kwa treni, akamalize masomo yake huko. Nafasi ni moja tu. Kulala huko, kula huko, kurudi mara moja kwa mwaka.

Darasa zima lilishangilia. Mimi sikushangilia.

Kwa sababu wakuu, kwa hesabu zangu mimi, wa kwanza nilikuwa ni mimi. Au mimi au Kalala. Na Kalala aliitaka ile nafasi mpaka alianza kuchonga sanduku kwenye karakana ya shule.

Ningemwambia nani kwamba sitaki? Baba alishawaambia wenzake wote wa treni. Tantine alishapanda lori kwenda Lukafu, kwa ndugu zake, kuleta mahindi ya kupikia munkoyo, kinywaji chetu cha sherehe, na pemba, ule udongo mweupe ambao kwetu mtu aliyeshinda anapakwa usoni na mikononi. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, anaimba.

Nikapata wazo. Nisifeli, maana kufeli ni kipigo. Niwe wa pili tu. Wa pili anasifiwa, anapakwa pemba, anarudi kwenye mbabula yake.

Siku ya mtihani wa hesabu, swali la mwisho lilikuwa la treni. Treni inatoka Élisabethville saa kumi na mbili asubuhi, inakwenda kwa mwendo huu, itafika saa ngapi. Mtoto wa mtu wa treni! Jibu nililiona limekaa kwenye ncha ya kalamu. Lakini nilijiona pia mimi mwenyewe dirishani, Tantine anazidi kuwa mdogo kwenye quai ya stesheni, mpaka anakuwa kama punje ya mtama.

Nikaacha pale weupe. Nikakunja mikono. Nilijiona mtu mkubwa sana, mtu anayetoa sadaka.

Ikafika siku ya sherehe.

Ambao hamjaona proclamation ya zamani, siku ya kutangaza matokeo, niwape picha. Uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa. Wazazi kwenye mabenchi, baba zetu na kofia zao, mama zetu na vitambaa vya sikukuu. Michoro yetu imetundikwa kwenye kamba kama nguo. Fanfare inapiga, tarumbeta moja inachelewa kila mara, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Halafu gymnastique: kaptula nyeupe, piramidi ya watu. Kalala juu kabisa, mikono wazi. Mimi chini kabisa. Mwalimu alisema hakuna anayejua kukaa mahali pamoja kama Ilunga.

Jua la kipwa lilikuwa la rangi ya chai. Vumbi lilielea, halikutaka kushuka. Mpaka leo nikiota shule, naota mwanga ule.

Baba alikuwa safarini na treni yake; Tantine alikaa mbele. Pemba ilikuwa tayari kwenye kiganja, ameiloweka kwa maji.

Hapa niwaeleze jambo la kwetu, maana habari yote imesimama juu yake. Sisi watu wa kaskazini, mtoto akishinda anaimbiwa kasala. Ni sifa za ukoo. Mwimbaji anaita wazee waliokufa, mmoja mmoja, kila mmoja na alichofanya, mpaka anamfikia mtoto mwenyewe. Wazee anawachagua, anaita wale wanaofanana na mtoto. Na kasala ikianza haikatwi. Kuikata ni kumwacha mtoto njiani.

Père Directeur akafungua karatasi.

"Wa kwanza: Kalala!"

Uwanja ukalipuka. Mimi nikatabasamu, nikapiga makofi. Mpango umekwenda sawa. Nikarekebisha kola, nikaandaa uso wa mtu wa pili.

Wa pili akaitwa. Si mimi.

Tantine alikuwa ameshainuka nusu. Akakaa.

Wa tatu. Akainuka nusu, akakaa. Wa nne. Akainuka, akakaa. Wakuu, kila jina yule mama alikuwa anapanda na kushuka kama mtu anayepiga pampu ya maji. Wa tano. Wa sita. Pemba imeanza kukauka, inapasuka kwenye kiganja chake. Mimi nilikuwa nahesabu viatu vyangu. Vilikuwa viwili. Nilihesabu tena.

Kalala, aliyeshapewa kitabu chake cha zawadi, akaninong'oneza: "Ilunga, uko mu hii shule ao ya kando?"

Wa saba. Wa nane.

"Wa tisa: Ilunga."

Makofi yalikuwa ya wa tisa. Mnayajua.

Tantine akasimama. Safari hii wima kabisa. Nikasema moyoni, atatoka nje, ataniacha hapa, na atakuwa na haki. Yule mama alipanda lori kwa ajili ya wa tisa.

Akatema mate kidogo kwenye kiganja, akalainisha pemba. Akaja mpaka mbele. Akanipaka paji la uso, kisha mikono, polepole, kama mtu ana siku nzima.

"Tantine, mi niko wa tisa," nikamwambia chini chini.

"Nilisikia. Wa tisa naye iko na paji ya uso."

Akageuka kwa watu, akaanza kasala.

Akamwita Kasongo, babu wa babu. Kasongo ambaye mto ulipofurika, watu wote wakakimbia, yeye akapandisha kitanda juu ya kichuguu akalala. Kasongo aliyeulizwa mbona huhami, akajibu maji ndiyo mgeni, yatahama yenyewe. Akamwita mama yake Kasongo, aliyelinda moto wa nyumba misimu mitatu bila kuuacha uzimike. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka kwenye ukuta wa kapela na kurudi.

Père Directeur akakohoa. "Bon, mama, aksanti. Tuendelee. Wa kumi..."

Tantine hakumsikia. Wa kumi, maskini, alishasimama, akabaki amesimama.

Halafu nikaona mzazi mmoja, mwenzake baba wa kwenye treni, nyuma, anavua kofia. Na mwingine. Wakaanza kuitikia, "Eee!", kila jina la mzee lilipoanguka. Mpiga ngoma wa fanfare akaanza kumfuata kwa vidole tu. Père Directeur alitazama karatasi yake, akatazama mabenchi, akaikunja karatasi. Akangoja.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilihisi pemba inakauka usoni, inavuta ngozi taratibu. Vumbi limesimama hewani. Moshi wa dohani umesimama. Kwenye ndoto zangu hata treni imesimama mahali fulani porini, inangoja Tantine amalize.

Akamaliza kwa jina langu. Mama zetu wakapiga vigelegele, mpaka wale wa Kasai.

Jioni, kwenye mbabula, na munkoyo kwenye kikombe, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kila kitu. Swali la treni, weupe, internat, yeye kuwa punje ya mtama.

Alipuliza makaa kwanza.

"Unazania sijue? Saa banaita Kalala, weye ulicheka kwanza, kisha ukapiga makofi. Muntu mwenye kushindwa hachekake kwanza. Ku Lukafu nilikutayarishia Muyumba, mwindaji mwenye kwenda mbali. Nilipoona ile meno yako, nikamuacha. Nikaita Kasongo."

Akageuza kiazi kwenye majivu.

"Tena sherehe ilipoisha nilienda kuuliza mwalimu, akanionyesha ile weupe. Ata na ile swali ya treni, ungekuwa wa saba."

Wakuu. Wa saba! Nilikuwa nimetoa sadaka kiti ambacho sikuwahi kukikalia.

"Ulikosa hesabu mara mbili, Baba. Mu karatasi, na mu kichwa." Akanipa kiazi. "Siku ingine hautake kwenda, sema na kinywa. Kinywa iko ya nini?"

Kalala aliondoka na sanduku lake. Nilimsindikiza mpaka stesheni, nikalia, nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba njia nzima sikuchoka. Mwaka uliofuata swali la mwisho nililijibu. Nikawa wa sita, na sikupelekwa popote, maana hakuna aliyeniuliza.

Kwenye nyumba ile bado naishi. Mbabula imebadilishwa mara nyingi, mahali pake ni pale pale.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtoto akishinda, kabla ya kumpigia makofi muulizeni anataka kwenda wapi. Na msimpime furaha kwa namba aliyoitwa nayo.

Kwa nini nawaandikia leo? Kesho kitukuu wangu, yule mwenye tablette, anatangazwa kule Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu. Anasema hatakuwa wa kwanza, nisijisumbue. Nimeshamuuliza kwa kinywa: amepata nafasi ya kuendelea nje ya nchi, na anataka kwenda. Anataka kweli, macho yanamwaka kama ya Kalala.

Basi Kasongo atapumzika. Tangu asubuhi nafanya mazoezi ya Muyumba, mwindaji mwenye kwenda mbali, sauti inakatika lakini majina yote yapo. Pemba ninayo. Na pantoufle nimezivua, wakuu, nimevaa viatu leo ili kesho visinishangae.

Nyinyi huko kwenu mtoto akitangazwa mnamfanyia nini? Na wale waliowahi kuwa wa tisa, msijifiche, jitokezeni hapa chini. Mimi nasoma zote. Siendi popote, isipokuwa kesho.